Kanuni, ayoni, testi tyubu au hesabu: ubashiri vipi mazao ya ubadilishanaji maradufu?

Ubadilishanaji maradufu ni mmenyuko ambao vitu viwili vilivyoundwa kwa ayoni (chembe zenye chaji) hubadilishana wenza. Swali lenyewe huwa fupi: myeyusho huu umechanganywa na ule, andika mlinganyo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anabadilisha wenza, anasawazisha, anachora mshale na kuhamia swali linalofuata. Mara nyingi anapata. Halafu siku moja anapewa chumvi ya mezani na naitreti ya potasiamu, anaandika NaCl + KNO₃ → NaNO₃ + KCl kwa mwandiko safi kabisa, na anakosa. Ndani ya bika hakukutokea kitu. Ayoni nne zilikuwa zinaelea majini kabla ya kuchanganya, na ayoni nne hizohizo zinaelea baada ya kuchanganya.

Ubishi wa njia huanzia hapo. Pita jioni kwenye vituo vya tuisheni vya Nyegezi, Buzuruga au Igoma jijini Mwanza, utamkuta mmoja amebandika karatasi ya kanuni za kuyeyuka ukutani na haoni sababu ya kingine chochote. Mwenzake kafundishwa na mwalimu asiyekubali mlinganyo bila ayoni. Wa tatu anasema yeye hataamini mpaka aone rangi kwa macho yake. Na kaka yao wa kidato cha sita anawacheka wote, maana yeye ana kikokotoo. Kila mmoja ana hoja. Kinachowachanganya ni kwamba njia hizi nne hazijibu swali lilelile hasa, ingawa zote huishia kwenye mlinganyo.

Vipimo tutakavyotumia

Nitazipima kwa mambo matano. La kwanza ni kasi: kwenye karatasi ya mtihani wa Taifa swali moja la kubashiri halistahili dakika kumi. La pili ni mahitaji, yaani unapaswa kuwa na nini kichwani, mezani au mfukoni. La tatu, je, njia inakuambia kwa nini mmenyuko umetokea, au inakuambia tu kwamba umetokea? La nne ni mahali inapodanganya, kwa sababu kila moja ina mtego wake na cha kuangalia ni kama mtego huo umo kwenye mtihani wako. La tano ni mtu inayemfaa.

Usafi wa mwandiko na kupendwa na mwalimu sijaviweka.

Hatua ambayo hakuna njia inayokusamehe

Kabla ya kuchagua lolote kuna kazi moja ya wote: kujua chaji. Ukipewa Fe₂(SO₄)₃ na BaCl₂, wanaobadilishana wenza ni Fe³⁺ na Ba²⁺. Tarakimu ndogo hazihami na mtu. Ile 2 iliyokuwa chini ya Fe ilikuwepo kwa ajili ya salfeti; Fe³⁺ ikienda kwa kloraidi inataka Cl⁻ tatu, basi ni FeCl₃. Ba²⁺ na SO₄²⁻ zinatoshana moja kwa moja. Mlinganyo unakuwa:

Fe₂(SO₄)₃ + 3BaCl₂ → 2FeCl₃ + 3BaSO₄

Anayeandika Fe₂Cl₂ au Ba(SO₄)₃ hana tatizo la njia. Ana tatizo la valensi, na hata ukimpa maabara nzima hatapona. Kwa hiyo kama chaji za naitreti, salfeti, kaboneti, fosfeti, haidroksaidi na amoniamu bado hazijakaa kichwani, acha kusoma hapa, ukazikariri kwanza. Fomula zikishakaa sawa, ndipo tunauliza: je, tuna haki ya kuchora mshale?

Njia ya kwanza: kanuni za kuyeyuka

Hii ndiyo njia ya wengi. Unabadilisha wenza, kisha unaangalia kila zao kwenye orodha: linayeyuka majini au haliyeyuki? Moja lisipoyeyuka, hilo ndilo mashapo, ile presipiteti ya daftarini, na mmenyuko upo. Yote mawili yakiyeyuka na hakuna gesi wala maji yaliyotengenezwa, unaandika kwamba hakuna mmenyuko.

Orodha si ndefu. Naitreti zote huyeyuka. Chumvi zote za sodiamu, potasiamu na amoniamu unazokutana nazo sekondari huyeyuka. Kloraidi, bromaidi na iodaidi huyeyuka, isipokuwa za fedha, za risasi na za zebaki yenye valensi moja. Salfeti huyeyuka, isipokuwa za bariamu na risasi, na ile ya kalsiamu huyeyuka kidogo tu. Kaboneti na fosfeti haziyeyuki, isipokuwa za kundi la sodiamu na za amoniamu. Haidroksaidi nazo haziyeyuki, isipokuwa za kundi la sodiamu na ya bariamu. Ya kalsiamu, yaani chokaa, huyeyuka kidogo.

Wanaokariri vibaya huzikariri kama mistari sita iliyo sawa kwa uzito. Haiko hivyo. Zile mbili za kwanza zinatawala nyingine zote. Ukiona naitreti, au ukiona sodiamu, potasiamu au amoniamu, hukumu imekwisha: chumvi hiyo imeyeyuka, hata kama ni kaboneti, hata kama ni fosfeti. Mwanafunzi anayejua daraja hilo hupitia nusu ya maswali bila kufika mstari wa tatu.

Kwa kasi, hakuna inayoifikia. Ukiwa umezoea, mchanganyiko mmoja ni sekunde chache. Mahitaji yake ni kichwa tu, na hilo ni jambo kubwa kwa anayesoma visiwani, Ukara au Kome, mahali ambapo kemikali za shule zimekwisha tangu muhula uliopita. Karatasi ya mtihani hukupa uzito wa atomu lakini haikupi kanuni hizi. Unaingia nazo mwenyewe.

Upande wa sababu, ni bubu. Kanuni inasema kloraidi ya fedha haiyeyuki, basi. Haikwambii kwa nini naitreti ya fedha iliyeyuka na kloraidi yake ikagoma.

Mitego yake ndiyo inayofaa tukae nayo kidogo. Wa kwanza ni gesi. Kanuni za kuyeyuka hazisemi lolote kuhusu H₂CO₃, H₂SO₃ na NH₄OH. Ukichanganya kaboneti na asidi, kubadilishana wenza kunakupa H₂CO₃, na orodha yako haina mstari wake. Lazima uongeze kichwani kwamba H₂CO₃ huvunjika kuwa maji na kaboni dayoksaidi, H₂SO₃ kuwa maji na salfa dayoksaidi, na NH₄OH kuwa maji na amonia, hasa ukipasha moto.

Mtego wa pili ni mazao yasiyodumu. Changanya kloraidi ya aluminiamu na kaboneti ya sodiamu. Kanuni inakuita uandike Al₂(CO₃)₃, mashapo meupe. Mashapo meupe kweli utayaona, lakini ni haidroksaidi ya aluminiamu, na pembeni kuna mapovu:

2AlCl₃ + 3Na₂CO₃ + 3H₂O → 2Al(OH)₃ + 6NaCl + 3CO₂

Watu wa kando ya ziwa wanalijua jambo hili bila kulijua. Shabu inayotupwa kwenye ndoo ya maji ya tope ina aluminiamu. Maji yana haidrojeni kaboneti. Kinachojikusanya na kushuka nalo lile tope ni Al(OH)₃, yenye utelezi kama uji. Kaboneti ya aluminiamu haitokei humo.

Wa tatu: kuna michanganyiko inayojifanya kubadilishana wenza kumbe ni ya kuhamisha elektroni. Salfeti ya shaba na iodaidi ya potasiamu ni mfano maarufu. Kwa kubadilishana ungepata CuI₂. Testi tyubu inakupa CuI nyeupe pamoja na iodini inayogeuza kila kitu kahawia. Kwa kidato cha nne si swali la kila mwaka, lakini wa kidato cha tano na sita wasijifanye hawajaliona.

Inamfaa nani? Mwenye mtihani karibu, mwenye kumbukumbu nzuri, na mtahiniwa wa kujitegemea anayesoma usiku baada ya kazi. Haimfai anayesahau haraka, kwa sababu kanuni moja ikitoka kichwani haiachi nyuma kitu cha kuijengea upya.

Njia ya pili: kuandika ayoni zote

Hapa hauanzi na wenza. Unaanza kwa kumwaga kila kitu kilichoyeyuka kiwe ayoni, halafu unauliza: je, kuna mbili humu zitakazotoka majini au kushikana zisiachane? Kama zipo, hizo ndizo mmenyuko. Zilizobaki ni watazamaji, unazikata kwa kalamu.

Kloraidi ya bariamu na salfeti ya sodiamu:

Ba²⁺ + 2Cl⁻ + 2Na⁺ + SO₄²⁻ → BaSO₄ + 2Na⁺ + 2Cl⁻

Kata Na⁺ na Cl⁻ pande zote mbili, ibaki Ba²⁺ + SO₄²⁻ → BaSO₄. Sasa badilisha chanzo: tumia naitreti ya bariamu na salfeti ya magnesiamu, ile chumvi ya haluli ya duka la dawa. Mlinganyo mfupi ni uleule. Badilisha tena, tumia asidi ya salfuriki. Bado uleule. Mwanafunzi aliyekariri milinganyo mitatu anagundua kwamba alikuwa amebeba mmoja.

Rudi kwenye NaCl na KNO₃. Andika ayoni: Na⁺, Cl⁻, K⁺, NO₃⁻ kushoto; Na⁺, NO₃⁻, K⁺, Cl⁻ kulia. Kata. Karatasi inabaki tupu. Sioni njia nyingine inayoonyesha waziwazi hivyo kwamba hakuna kilichotokea, na kwa maoni yangu hii peke yake inatosha kuifanya ifundishwe kila mahali.

Kwa sababu, basi, inaongoza. Inakuonyesha kwamba mashapo, gesi na maji ni sura tatu za jambo moja: ayoni zimepungua kwenye myeyusho. Chukua haidroksaidi ya bariamu na asidi ya salfuriki. Ba²⁺ na SO₄²⁻ zinatoka kama mashapo, H⁺ na OH⁻ zinakuwa maji, hakuna mtazamaji hata mmoja. Ukiwa umeweka waya mbili na balbu kwenye bika hilo, ukadondoshea asidi taratibu, balbu itafifia, na pale vitu hivyo viwili vinapotoshana itakuwa kama imezimwa, kwa sababu wa kubeba umeme wameondoka karibu wote. Orodha ya kanuni isingekwambia uitarajie balbu ifanye hivyo.

Inakamata pia jambo ambalo kanuni hulipita kimya: elektroliti dhaifu, yaani vitu ambavyo majini huachana kuwa ayoni kwa sehemu ndogo tu. Asetati ya sodiamu pamoja na asidi ya haidrokloriki hazitoi mashapo wala mapovu. Aliyekariri anaandika hakuna mmenyuko. Anayeandika ayoni anajua kwamba H⁺ na CH₃COO⁻ hushikana kuwa asidi ya siki, ambayo haipendi kuachana majini, basi mmenyuko upo, na pua yako itathibitisha.

Kasi? Ni ya kobe, angalau mwanzoni. Kuandika kila ayoni kwa chaji yake na idadi yake kunakula muda, na mwenye haraka anasahau 2 mbele ya Cl⁻ halafu anashangaa kwa nini havikatiki. Ukishazoea unaruka hatua za kati, lakini kuzoea kwenyewe ni wiki kadhaa za mazoezi.

Kwa mahitaji kuna jambo ambalo mashabiki wake hawapendi kulisema. Njia ya ayoni haikuondolei kanuni za kuyeyuka. Nitajuaje kwamba Ba²⁺ na SO₄²⁻ zitatoka majini nisipojua kwamba BaSO₄ haiyeyuki? Unahitaji kanuni zilezile, na juu yake unahitaji kujua asidi zipi ni kali na zipi ni dhaifu. Anayedhani amekimbia kukariri ameongeza mzigo, ila mzigo wenyewe sasa umefungwa vizuri.

Inapodanganya ni kwa vitu vinavyoyeyuka nusunusu. Ca(OH)₂ uiandike kama ayoni au kama unga? Maji ya chokaa yaliyochujwa, andika ayoni. Tui zito la chokaa lenye unga chini, andika fomula nzima. Wanafunzi wengi huteleza hapo na walimu wao hawakubaliani. Mtego wa CuI₂ nao bado upo: ayoni zilizopangwa vizuri hazikuzuii kusahau kwamba elektroni zinaweza kuhama.

Inamfaa anayekwenda kidato cha tano na masomo ya sayansi, anayetaka kwenda famasi au uhandisi wa maji, na yule anayesahau alichokariri lakini hasahau alichoelewa.

Njia ya tatu: changanya uone

Weka mililita mbili za huu, ongeza matone ya ule, tazama. Kwa mtihani wa vitendo hii si hiari, lakini naizungumzia hapa kama njia ya kujifunza kubashiri.

Rangi zinakaa kichwani kuliko maneno. Haidroksaidi ya shaba ni bluu. Ya chuma chenye valensi mbili ni kijani cha tope. Ya chuma chenye valensi tatu ni rangi ya kutu. Iodaidi ya risasi ni njano inayong'aa, na aliyeiona mara moja hamuulizi mtu tena kama PbI₂ inayeyuka. Mapovu ya kaboneti na asidi yakipitishwa kwenye maji ya chokaa yanayageuza kuwa maziwa, na maziwa hayo nayo ni mashapo, CaCO₃. Amonia utaijua kabla hujaisogeza karatasi nyekundu ya litmasi iliyoloweshwa.

Kuna habari testi tyubu inatoa ambayo kalamu haitoi. Dondoshea haidroksaidi ya sodiamu kwenye salfeti ya zinki: mashapo meupe. Endelea kudondoshea: yametoweka. Zn(OH)₂ imeyeyuka kwenye alkali iliyozidi, na Al(OH)₃ hufanya hivyohivyo. Anayemimina kwa pupa haoni chochote na anaandika hakuna mmenyuko, akiwa ameruka miwili. Vivyo hivyo kloraidi ya risasi: kwenye maji ya kawaida inashuka nyeupe, ukichemsha inayeyuka, ukipoza inarudi kama sindano zinazometa. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 hubeba takriban gramu 10 za PbCl₂, na maji yanayochemka hubeba zaidi ya gramu 30. Kanuni inasema tu “haiyeyuki”.

Lakini jicho halitoi sababu, na wakati mwingine linadanganya. Mchanganyiko wa asidi na haidroksaidi ya sodiamu hauonekani kufanya kitu, ingawa mmenyuko umekamilika. Usipotumia kiashiria au kugusa testi tyubu uone imepata joto, utaandika uongo. Maji nayo ni mdanganyifu. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, sabuni hutoa povu bila shida, na watu hudhani kwa hiyo ni safi kwa maabara. Sivyo. Maji ya bomba yana kloraidi, na ukiyeyushia humo naitreti ya fedha utapata ukungu mweupe kabla hujaweka chumvi yoyote. Shule isiyo na mtambo wa kukeneka maji, yaani kuyachemsha na kuukusanya mvuke wake, itumie maji ya betri yasiyo na asidi, au maji ya mvua yaliyokingwa vizuri.

Mahitaji ndiyo yanayoiangusha njia hii kwa wengi. Naitreti ya fedha ni ghali. Chumvi za risasi na za bariamu ni sumu na hazifai nje ya maabara yenye mwalimu. Nyumbani unabaki na vichache: magadi ya sokoni (yenye kaboneti ya sodiamu) na ndimu kwa gesi, chumvi ya haluli na magadi kwa mashapo meupe, mrututu (salfeti ya shaba) wa duka la dawa za mifugo na magadi kwa mashapo ya bluu-kijani. Mrututu ni sumu, uutumie kwa punje, usitumie vyombo vya jikoni, na mabaki usiyamwage kwenye mfereji. Shaba huua viumbe wa majini, ndiyo maana zamani ilitumika dhidi ya konokono wa kichocho, na mfereji wa mtaani ukiingia Mto Mirongo unaishia ziwani. Chokaa na magadi pia hubadilishana wenza vizuri sana, CaCO₃ inashuka, lakini maji yanayobaki juu ni sodiamu haidroksaidi, inayochoma ngozi na macho. Hilo liache kwa mwalimu.

Kasi haina maana ya kuipima hapa: mtihani wa nadharia hauna testi tyubu. Inamfaa anayejifunza kwa macho, anayejiandaa kwa vitendo, na aliyekata tamaa akidhani kemia ni herufi tupu.

Njia ya nne, kwa ufupi: hesabu ya Ksp

Hii ni ya kidato cha tano na kuendelea. Kila chumvi ngumu kuyeyuka ina thamani ya Ksp, namba inayoonyesha maji yanaivumilia hadi wapi. Unazidisha mkolezo wa ayoni, kila moja kwa kipeo chake, kisha unalinganisha. Ukizidi Ksp, mashapo. Usipofika, hakuna.

Inahitaji kikokotoo, jedwali na mikolezo iliyotajwa. Bila mikolezo haina la kusema. Ni polepole. Fadhila yake ni kwamba inajibu swali ambalo nyingine zinalizunguka: kiasi gani? Udhaifu wake ni kwamba haikutengenezei mazao. Lazima mtu mwingine, kanuni au ayoni, amekwambia utafute mashapo gani. Haimfai kabisa wa kidato cha tatu, na mwalimu anayeileta mapema anawatia hofu bure.

Michanganyiko miwili, njia zote mezani

Tuzigonganishe. Changanya naitreti ya risasi na chumvi ya mezani, ujazo sawa, kila moja ikiwa na mkolezo wa 0.02 M (moli kwa lita).

Wa kanuni anasema: PbCl₂ haiyeyuki, mashapo meupe. Wa ayoni anaandika Pb²⁺ + 2Cl⁻ → PbCl₂, anakata watazamaji, anakubaliana naye. Wa testi tyubu anatikisa, anainua kwenye mwanga, haoni kitu. Wa hesabu anafafanua: baada ya kuchanganya kila mkolezo umekuwa nusu, 0.01 M. Zao la ayoni ni 0.01 × (0.01)², yaani 1 × 10⁻⁶. Ksp ya PbCl₂ ni karibu 1.7 × 10⁻⁵. Haijafika. Ukianza na 0.2 M badala ya 0.02 M, zao linakuwa 1 × 10⁻³, na mashapo yanashuka mbele ya macho ya wote. Weka naitreti ya fedha mahali pa risasi kwa mkolezo uleule mdogo: 0.01 × 0.01 ni 1 × 10⁻⁴, na Ksp ya AgCl ni karibu 1.8 × 10⁻¹⁰. Hapo hakuna ubishi.

Je, wa kanuni alikosea? Kwenye karatasi ya kidato cha nne isiyotaja mkolezo, hapana. Jibu lake ndilo linalotakiwa. Kwenye maabara, ndiyo.

Mchanganyiko wa pili ni mrututu na kaboneti ya sodiamu. Kanuni: CuCO₃, haiyeyuki. Ayoni: Cu²⁺ + CO₃²⁻ → CuCO₃. Vitabu vingi vya sekondari vinaishia hapo, nawe ukiwa kidato cha nne ishia hapo. Mwenye testi tyubu anaona mashapo ya bluu-kijani na pia mapovu machache, ambayo mlinganyo ule hauna mahali pa kuyaweka. Kilichotengenezwa ni mchanganyiko wa kaboneti na haidroksaidi:

2CuSO₄ + 2Na₂CO₃ + H₂O → Cu(OH)₂·CuCO₃ + 2Na₂SO₄ + CO₂

Hapa jicho limewashinda wawili wa kwanza, ingawa bila wao lisingejua lilichokiona kinaitwaje.

Uchague ipi sasa?

Kama uko kidato cha nne na Novemba inakaribia, huna muda wa kubadili tabia. Shika kanuni kwa daraja lake, ukianza na zile mbili zinazotawala, ongeza zile tatu zinazovunjika kuwa gesi, na ujizoeze kuandika “hakuna mmenyuko” bila woga. Ayoni uzitumie pale tu swali linapodai mlinganyo wa ayoni au pale unaposita.

Kama uko kidato cha tatu na una mwaka mzima mbele, anza na ayoni hata kama zinakuchelewesha. Kasi itakuja, na kanuni utajikuta umezishika njiani bila kukaa kuzikariri.

Kama shule yako ina maabara yenye kemikali, omba mwalimu akuruhusu ubashiri kwanza kwenye karatasi ndipo uchanganye. Kuchanganya kwanza halafu kutafuta mlinganyo unaofanana na rangi hakukufundishi kubashiri.

Mtahiniwa wa kujitegemea asiye na maabara, kanuni na ayoni zikutoshe kwa nadharia, na jedwali la rangi za mashapo ulikariri kama methali. Magadi na ndimu yatakupa gesi. Kwa vitendo vyenyewe tafuta kituo chenye maabara mapema, kabla foleni ya wanaotafuta haijawa ndefu.

Kidato cha tano na sita, mna deni la njia zote nne. Swali likiwa na mikolezo, hesabu. Lisipokuwa nayo, ayoni. Mkiona shaba au chuma chenye valensi tatu pamoja na iodaidi, acheni kubadilishana wenza, mjiulize elektroni zimekwenda wapi.

Na mwalimu mwenye darasa la watoto themanini na chupa moja ya iodaidi ya potasiamu: dondoshea tone moja kwenye naitreti ya risasi mbele ya wote, tone la njano lionekane hadi dawati la mwisho, kisha geukia ubao uandike ayoni. Kanuni waachie kazi ya nyumbani.